Shimo la Sikujua, Pwani ya Kwamize

Nakumbuka siku moja ya bamvua, mwanangu, maji yamekupwa mbali, nasi wasichana tumeteremka pwani na mapakacha ya makumbi ya nazi.

Kwamize ni kijiji kidogo. Ukikohoa nyumba ya juu, ya chini wanakupa pole. Juu mikarafuu, kati bonde la mpunga, chini mikoko, na mbele ya mikoko ndiyo matope tunamofukia makumbi yaoze, tuje tuyapige, tusokote kamba. Kila ukoo una shimo lake, limezungushiwa mawe, na mtoto wa kike hulirithi kwa bibi yake.

Basi siku hiyo akaja Chausiku, mtoto mgongoni. Mumewe kafariki, na kamba ndiyo iliyobaki ya kumlisha huyo mwana. Babu yake Chausiku alitoka bara kuja kuchuma karafuu. Raya binti Mkasi, mdomo wake haukuwa na mlango, akamwambia, "Weye huna shimo hapa. Kwenu juu, kwenye mikarafuu." Wenzangu wakacheka. Chausiku akajitwika pakacha lake arudi.

Bibi yangu, Bi Bikombo, alikuwa akipiga makumbi pembeni. Akajikongoja kuja kwetu, akipita shimo kwa shimo na kulitaja: hili la Mize mwenyewe, wa kwanza kujenga hapa, hili la Time, hili la Tatu. Alipofika la kina Raya akachomeka fimbo katikati.

"Hili la Sikujua, bibi yake Chausiku. Alilichimba pamoja na Mize. Bibi yako, Raya, alikuja kutoka Vitongoji mikono mitupu, Sikujua akamwambia, shoga, fukia na weye, matope hayaishi. Mgeni siku mbili, mjukuu wangu, ya tatu mpe jembe. Bibi yako alipewa na shimo, na Sikujua alipohamia juu kwa mumewe, likabaki kwenu."

Raya akainama, akang'oa mawe ya upande mmoja, akayasogeza mpaka shimo likawatosha wawili. Kisha akamtua Chausiku pakacha.

"Mlete huyo mtoto nimshike," akasema. "Matope yanateleza."

Mawe yale yapo pale pale alipoyaweka, na wajukuu wao wanafukia pamoja. Lakini huku juu nawasikia mkipima viwanja, mkiulizana nani mwenyeji, nani wa kuja. Mwanangu, kabla hujamwambia mtu hana pake, uliza nani aliyewapisha wenu. Tumezoea kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa kwetu, ukifukua sana, hujui nani alimponya nani.

Mungu akupe pa kukaa, na akupe moyo wa kusogea. Amin.