Friji Iliyozeeka Ndani ya Boksi

Nakumbuka siku niliyonunua friji pale soko la Jebel, hapa Juba, mwanangu. Najua utacheka nikikuita hivyo, maana nimekuzidi miaka kumi tu. Lakini aliyetangulia kujikwaa anaweza kukuonyesha jiwe.

Nilikuwa nimerudi Juba kutoka chuo kikuu Kampala, kichwa kimejaa maswali. Mama yangu alikuwa amebaki kambini Uganda tangu tulipokimbia vita. Kila nikimpigia simu arudi, alisema, "Nirudi nifanye nini? Huku nina shamba langu la mihogo." Ndipo nikamwahidi friji, auze maji baridi na juisi ya karkade mbele ya nyumba yetu mtaa wa Hai Malakal, asimtegemee mtu. "Ukipata friji," akasema, "nitakuja kukaa."

Muuzaji alikuwa mama wa Kiganda tuliyemwita Nalongo, kwa sababu alizaa mapacha. Aliniandikia risiti yenye waranti ya mwaka mmoja, nami nikamhoji kila mstari. Kompresa je? Jenereta ikiiunguza je? Akajibu yote kwa subira, kisha akasema, "Sasa tufungue, tuwashe hapa, uone mwenyewe."

"Hapana, Nalongo. Utepe wa boksi ataukata mama yangu kwa mkono wake."

"Haya, profesa," akacheka. "Lakini friji si bibi harusi wa kufichwa."

Mama alisema atakuja baada ya mavuno. Mavuno yakapita, akabaki kumwuguza jirani. Kisha mvua ikaharibu barabara. Boksi likasimama chumbani mwangu. Nikalitandikia kitambaa, nikawa naweka sahani yangu juu yake. Jioni nyingine nililigusa tu, nikiwaza atakavyokaa. Nilijiambia akiba haiozi.

Alifika mwezi wa kumi na nne tangu niinunue. Akakata utepe kwa kisu cha jikoni, akapiga vigelegele hadi majirani wakaja. Tukawasha. Taa ya ndani ikawaka, lakini kesho yake maji yalikuwa vuguvugu bado. Fundi akasema gesi ilivuja zamani, huenda kabla hata sijainunua.

Nikaipakia kwenye bajaji hadi Jebel. Nalongo akaisoma risiti taratibu.

"Mwaka imeisha, miezi mbili sasa."

"Haijafanya kazi hata siku moja! Imechakaaje?"

"Waranti inahesabu kutoka siku ya kununua, si siku ya kuwasha. Ungekuja mapema, ningekupa ingine. Wewe iko na masomo mingi, uliuliza yote. Hii moja hukuuliza. Malesh, pole sana, kijana."

Nilibishana naye, mwanangu, na hata leo sioni haki yote katika hesabu ile. Lakini karatasi ilisema hivyo, nami nilikuwa nimeisaini. Gharama ya kuitengeneza ilinishinda wakati ule.

Mama alikaa majuma matatu. Hakunilaumu hata kwa neno. Asubuhi moja nilimkuta akikunja nguo zake. "Mihogo itaota magugu," akasema, na basi la Nimule, kule mpakani, likamchukua. Baadaye nilipata fedha, fundi akaijaza gesi, friji ikapona. Sasa inagandisha barafu safi, nami nikifungua mlango wake mchana wa joto, hujikuta nimegeuka kumwita. Nikimpigia simu huniuliza kama inafanya kazi. Nikisema ndiyo, hubadili mazungumzo.

Basi sikiliza. Ukinunua kitu cha umeme, kifungue palepale na kukiwasha mbele ya muuzaji. Kuuliza si ujinga: uliza waranti inaanza siku gani, inaisha lini, na inagharamia nini. Itunze risiti. Kisha kitumie tangu siku ile, hata kama uliyemnunulia bado hajafika. Akija, atakikuta kizima. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na muda hauchungulii ndani ya boksi kuona unamngoja nani.

Mungu akupe mikono isiyoogopa kufungua, na awarudishe nyumbani wote unaowapenda wakati bado wanataka kukaa.