Usiondoe Macho Mpaka Nikuambie

Jirani yangu wa kazi ni kinyozi tunayemwita Wembe. Mimi nashona viatu mlango wa pili, na ukuta ulio kati yetu ni wa mbao, kwa hiyo nasikia mengi kuliko ninavyopenda.

Wembe ni mtu wa maneno, ila mengi huyasema akiwa nyuma ya kichwa cha mtu. Binti yake wa miaka minane hukaa kwenye benchi, baba kampa mgongo, na hapo huzungumza naye vizuri tu. Humweleza mteja gani ana kovu, nani kaja na kiatu kilichofunguka soli. Lakini ukimgeukia usoni, ananyamaza kama redio iliyochomolewa waya. Mteja mmoja aliuliza kama mtoto anawaonea kinyaa. Wembe akamjibu kwamba sura kama ya mteja huyo hata mashine yake ya kunyolea inaiogopa. Watu wakacheka. Wembe hakucheka.

Muuguzi wa kliniki aliwaambia ni usonji. Alisema mtoto huyu hupokea mambo kwa namna yake, na macho ya watu yanamzidi nguvu. Mama yake akamuuliza mtoto mwenyewe kwa nini haangalii watu. Akajibu huku akitazama sakafu: "Macho yana kelele. Ukiniangalia sikusikii."

Kilichowakaba ni shule. Umri ulikuwa unampita, na shule mbili zilishamkataa. Ya tatu ndiyo ya mwisho wanayoweza kuifikia kwa miguu. Mwalimu mkuu alisema atamsaili peke yake, bila wazazi. Mtoto asiyemtazama mkubwa usoni, alisema, ama hana adabu ama hafundishiki.

Basi kwa wiki tatu, kila asubuhi kabla ya kufungua, Wembe alimkalisha kwenye kiti cha wateja, akamshika kidevu kwa vidole viwili kama anavyofanya akinyoa ndevu. "Niangalie, mama. Usiondoe macho mpaka nikuambie."

Mkewe alimsihi aache, akamwambia anamtesa mtoto. Wembe akasema shule haitamsubiri. Siku za mwanzo binti alilia, na mara moja akajikojolea. Wiki ya tatu alikaza macho mpaka baba mwenyewe akapepesa kwanza. Siku hiyo Wembe alinyoa watu huku akipiga mluzi.

Siku ya usaili alimfikisha mlangoni, mlango ukafungwa. Nilivyokuja kusikia, mwalimu alimuuliza jina. Akamuuliza moja kujumlisha mbili. Akamuuliza baba anafanya kazi gani. Mtoto alimkazia macho tu, hapepesi, machozi yanamtiririka, neno hatoi. Aliyetakiwa kumwambia aondoe macho alikuwa nje kwenye benchi, anasugua viganja.

Mwalimu alimtoa akiwa kamshika mkono. Alisema ameona watoto wakaidi wengi, lakini mwenye macho makavu kiasi kile alikuwa hajamwona bado. Jina halikuandikwa.

Walipofika kibandani, wateja wawili walikuwa wanasubiri. Wembe akawasha mashine akaanza kazi. Baadaye nikamsikia akimuuliza binti taratibu, mashine bado ikinguruma.

"Kwani hukusikia alichokuuliza?"

"Ulisema nimwangalie. Hukusema nisikilize."

Mashine ikazimwa. Nilishika sindano bila kuipitisha kwenye ngozi.

"Nimekosa mimi, mama," alisema. "Yaishe. Usimwangalie mtu tena. Hata mimi."

"Mpaka lini?"

Mteja aliyekuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, akakohoa, akamwomba Wembe amalizie, kazini wanamngoja.