Mpira wa Breki wa Bwana Madi

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Moroni, msimamizi Mfaransa aliniingiza chini ya gari na kuniambia nitaje kila kifaa. Nilivitaja vyote. "Kinachovuja, badilisha," alisema. "Usibishane nacho." Akanipa ovaroli.

Baada ya uhuru Wafaransa waliondoka, vipuri vikaadimika, nami nikahamishiwa Mutsamudu kuwa fundi mkuu. Huko meneja alinifundisha jambo ambalo sikulisomea. Mpira wa silinda ya breki, ule unaozuia mafuta yasivuje, ukichakaa tuliuloweka siku mbili katika mafuta ya breki. Ulivimba na kung'aa, ukaonekana mpya.

Bwana Madi alifika mwaka ule waliporudishwa ndugu zetu kutoka Madagaska. Alikuwa seremala. Kigari chake cha mizigo alikinunua kwetu, kikiwa na dhamana ya miezi sita. Mwezi wa tatu breki zilianza kulegea, akaja na karatasi yake ameikunja vizuri katika mfuko wa shati.

"Dhamana ni ya injini," meneja akamwambia. "Breki utalipia."

Bwana Madi akanigeukia. "Ni kweli, fundi?"

Niliisoma ile karatasi. Kwa Kifaransa iliandikwa wazi kwamba breki zimo.

"Ni kweli, baba," nikasema.

Alilipa bei ya mpira mpya. Nikamfungia ule uliolowekwa.

Wiki iliyofuata, akiteremka kutoka Patsi, breki zilikataa. Mbele yake walikuwa wanawake wanatoka shamba, akaona heri agonge ukuta. Alivunjika mkono wa kulia.

Alipotoka hospitali alikuja karakana, mkono umefungwa shingoni. "Nisamehe, fundi," alisema. "Wewe ulinitengenezea vizuri, mimi nimeharibu. Nimezoea barabara za tambarare. Milima ya huku siiwezi."

Meneja alikuwa ananitazama.

"Si kitu, baba," nikamwambia. "Utazoea."

Hakuendesha tena, na mkono ule haukurudi kushika randa sawasawa.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza wajikingeje na mafundi wadanganyifu. Nawaambia: dhamana yako mpe mtu asiye wa karakana akusomee, simama pale gari linapofunguliwa, na kabla ya kulipa dai kile kifaa kilichotolewa ukishike mwenyewe. Wananishukuru. Hawaniulizi nimeyajuaje.

Bwana Madi alifariki akiamini kwamba hakujua kuendesha. Nilikuwa na miaka kumi na minane ya kumwambia, na tulisali msikiti mmoja.