Vikapu Viwili vya Risasi

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndoo ya maganda ya risasi na kitambaa ambacho zamani kilikuwa kaptula yangu. "Sugua mpaka uyaone meno yako," alisema Mjomba Singano, fundi silaha wa jeshini aliyestaafu, sasa mlinzi wa mahindi ya kijiji chetu cha ujamaa juu ya Lushoto. Cheo changu: Msuguaji. Leo na mimi nimestaafu. Niko kidato cha pili, ndevu bado ziko safarini, lakini ninyi wa darasa la tano lazima mjue kazi ilivyokuwa enzi zetu.

Shamba liko ng'ambo ya bonde. Nguruwe pori wakitokea, ukishuka na kupanda utawakuta wameshakula na wameshashukuru. Ilibidi wapigwe kutoka huku. Risasi za dukani zilikuwa adimu, na kwa umbali ule zilitawanyika kama watoto waliosikia kengele ya kwenda nyumbani. Mjomba alijaza zake mwenyewe: fataki mpya ya kuwasha baruti kitakoni mwa ganda, baruti kwa mizani ya sonara, kisha kichwa cha risasi. Alirekebisha baruti kidogo kidogo, akilenga debe tulilosimamisha ng'ambo, mpaka matundu yakakaribiana.

Nikapanda cheo, nikawa Mpangaji. Hapo ndipo nilipofundishwa kwamba ganda jipya likipigwa, moto hulivimbisha likajaa chemba, kile chumba cha risasi nyuma ya mtutu. Tangu hapo linaifaa bunduki hiyo tu, kama kiatu kilichozoea mguu. Kijijini tulikuwa na bunduki mbili za aina moja, ya Mjomba na ya Mzee Mdoe, kwa hiyo vikapu vilikuwa viwili.

Mwenyekiti wa kijiji akaviona siku Mjomba alipokuwa Magoma msibani.

"Vikapu viwili vya nini? Huu ni ubepari!" Akamimina risasi zote katika kimoja.

"Shikamoo Mwenyekiti, lakini—" nilianza.

"Marahaba. Mwanafunzi husikiliza."

Kesho yake, kabla sijamweleza, Mjomba alirudi pamoja na Bwana Nyama, ofisa wa wanyamapori, waliyekutana njiani akija kupima kama bunduki zetu zinafaa kubaki. Mjomba akachota risasi kikapuni, akaitia kwenye bunduki yake, akasukuma komeo la kuifunga. Halikufunga. Akajaribu nyingine. Wapi!

"Bunduki zisipofunga, nazipeleka Mazinde," alisema Bwana Nyama. "Huko nako wana nguruwe."

Mjomba akanitazama. Mimi nikamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama mawingu.

"Nilidhani risasi ni risasi," alisema hatimaye.

"Mwenyekiti, meno ya bandia ya mkeo yanakukaa wewe?" aliuliza Mjomba.

Hata Bwana Nyama alicheka. Mwenyekiti akavua kofia, akaketi kwenye majani, akaanza kumpa Mjomba risasi moja moja, naye akizijaribu bundukini, mtutu ukielekea kwenye tuta la udongo. Iliyoingia bila ubishi alisema kwa sauti ya mkutano, "Ya Singano!" Iliyokataa, "Ya Mdoe!" Nami nilizipanga, maana hiyo ndiyo kazi yangu.

Ndipo Mjomba akalala kifudifudi, akapumua, akafyatua. Ng'ambo, debe liliruka kwanza. Mlio wake ukatufikia baadaye. Mzee Mdoe naye, kwa bunduki yake, akalirusha tena.

"Bakini nazo," alisema Bwana Nyama.

Shule zikafunguliwa, nikastaafu. Sikupewa saa wala hotuba. Ila nilipokwenda kuaga niliona Mwenyekiti ametundika vikapu viwili kwenye msumari mmoja.

"Umeona?" aliniambia. "Msumari ni wa ujamaa."

Mwaka ule tulivuna. Naandika haya nimeshiba.