Petroli ya Kufika Mutomo

Siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ni ile niliyoendesha gari kutoka kwa wakwe zangu hadi Mutomo, taa ya petroli imewaka na kioo cha ndani nimekigeuza kikatazama paa. Nitakueleza kwa nini.

Juzi uliponipigia simu kutoka mjini Wote ukilalamika kwamba kigari chako kinakunywa petroli kama ng'ombe wa kiangazi, nilikujibu harakaharaka kwa sababu nilikuwa njiani. Mimi kila mara niko njiani, mama yako amekwambia hayo tangu utotoni. Sasa nimekaa Makindu, nimepata meza na kikombe cha chai, na roho yangu haijatulia. Ulisema, tena ukicheka, kwamba ukishuka ile milima ya Mbumbuni unazima injini ili gari liteleze bure. Hilo neno "bure" limenifuata mpaka hapa. Ndiyo maana naandika.

Nilikuwa kijana, nimemaliza kidato cha nne na nimeshazunguka miji mingi nikitafuta pa kukaa. Nilikuwa na gari dogo la petroli, la zamani, ambalo rangi yake ilikuwa imeliwa na jua. Mama yako, Mwende, alikuwa amerudi kwao upande wa Ikutha ili ajifungue karibu na mama yake. Nami nikaenda kumwona.

Wewe umemzoea nyanya yako, anakutania na kukutuma. Lakini kwangu mimi mambo yalikuwa mengine. Katika nyumba ile nthoni ilishikwa sawasawa, ile heshima ya Wakamba baina ya mwanamume na mama mkwe wake. Hatukutazamana usoni. Hatukusemezana. Akipita, mimi naangalia chini. Akiwa na neno nami, anamwambia Mwende, na Mwende asipokuwepo anamwambia mbuzi, nami nasikia.

Sasa mkwe asiyeweza kusema ataonyeshaje kwamba ni mtu mzuri? Mimi nilionyesha kwa gari. Kulikuwa na ukame, kisima kilikuwa mbali, nikashinda kutwa nikisomba mitungi ya maji, nikipita kwenye mchanga wa mto mkavu kwa gia ya kwanza, injini ikilia kama inachinjwa. Jioni mapipa yote ya mama mkwe yalikuwa yamejaa, na tanki langu lilikuwa karibu tupu. Sikuhofu, kwa sababu pale sokoni palikuwa na duka la petroli ya chupa. Nilipofika, mwenye duka akacheka.

"Mkwe wetu, petroli imeisha. Nimebaki na mafuta ya taa na ya kupikia. Chagua."

Asubuhi uchungu ukamshika Mwende. Haukuwa ule wa kuja na kwenda. Alishika mlango, akaniangalia, nikajua lazima tufike Mutomo, kwenye hospitali ya misheni, na petroli niliyokuwa nayo ndiyo hiyo.

Nilipolirudisha gari nyuma hadi mlangoni, nyanya yako alikuwa ameshaandaa mizigo. Mitungi ya maji, kwa sababu hakuamini kwamba mahali pengine pana maji ya kutosha kumwogesha mzazi. Gunia la unga wa uji. Kuni, zikafungwa kwenye keria ya juu. Halafu mbuzi, wa supu ya mzazi, akaingizwa nyuma akipiga kelele. Mimi nilijua hesabu ya gari lile. Nilijua uzito ule utakunywa petroli ambayo hatuna. Maneno yalinijia hadi kwenye meno, yakarudi. Nitamwambiaje mama mkwe atoe mbuzi wake? Nikafunga mlango wa nyuma. Nyanya yako akajifunika leso, akaketi kiti cha nyuma pamoja na binti yake, nami nikakigeuza kioo nisije nikamwona.

Tukaondoka. Taa ya petroli ikawaka kabla hata hatujaipita shule. Sijui kama umewahi kuogopa hivyo, mwanangu. Macho yangu yalikuwa zaidi kwenye ile taa kuliko barabarani. Na mtu akiogopa, mguu wake unakuwa mzito. Kadiri nilivyohofia kwamba petroli itaisha, ndivyo nilivyokanyaga, ili nifike kabla haijaisha! Niliruka mashimo, nikafunga breki, nikakanyaga tena. Huo ulikuwa wazimu, lakini wakati ule niliuona ni akili.

Nyuma nikasikia sauti ya nyanya yako. "Mwende, mwambie mwenye gari apunguze."

Mwende akahema. "Anasema upunguze."

"Mwambie petroli ni kidogo," nikasema nikiangalia mbele.

"Anasema petroli ni..." Hapo uchungu ukamkata. Ulipomwachia, mama yako mpole alipaaza sauti hadi mbuzi akanyamaza. "Ambianeni wenyewe! Mimi nina kazi yangu hapa!"

Halafu leso ikasogea, na nyanya yako, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, akasema nami.

"Mwanangu, simamisha gari."

Nikasimama. Nikavuta breki ya mkono.

"Petroli itatufikisha?"

"Mama, sijui. Gari limebeba mzigo mzito."

"Mzigo upi?"

"Maji. Na kuni. Na... huyu mbuzi."

"Na ulijua tangu nyumbani?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuonea haya, mama."

"Haya ndiyo itamzalisha binti yangu?"

Kando ya barabara palikuwa na boma, na mwanamke amesimama mlangoni akitushangaa. Nyanya yako alishuka, akashusha kila kitu, mimi nikikata kamba za keria. Maji hakuyamwaga, kwetu huko nani humwaga maji? Alimpa yule mwanamke, akamfunga mbuzi kwenye ua wake, akasema, "Ukiona hatujarudi leo, mpe majani." Akarudi garini. Hakurudi nyuma safari hii. Alimlaza Mwende kwenye kiti chote cha nyuma, akaja kuketi mbele, karibu nami.

"Sasa sikia," akasema, macho yake barabarani. "Mimi nimebeba maji mgongoni tangu nikiwa msichana. Mwenye mtungi mgongoni hakimbii. Anatafuta mwendo mmoja, anaushika mpaka nyumbani. Nawe shika mwendo mmoja."

Nikaushika. Nikapanda gia mapema, injini ikawa inanguruma chini kwa chini. Nikaanza kutazama mbali. Nikiona shimo au ng'ombe huko mbele, nainua mguu mapema, gari linapungua lenyewe bila breki, halafu naliongeza taratibu. Mwende alikuwa analia nyuma, na kila kilio kiliniambia nikanyage. Kutokanyaga ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya katika maisha yangu.

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu hili ndilo lililoninyima usingizi. Kabla ya mji, barabara iliteremka. Mkono wangu ukaenda kwenye ufunguo. Nilitaka kuzima niteleze bure, kama unavyofanya wewe. Ufunguo nilikuwa nimeushika kabisa. Lakini niliwahi kumwona dereva mmoja akifanya hivyo, breki zikawa ngumu kama jiwe, akaishia kichakani. Nikauacha ufunguo. Nikabaki kwenye gia, mguu nimeuinua. Huko chini mbuzi wakamwagika barabarani kundi zima. Nikafunga breki, gari likashika, likasimama hatua chache kutoka kwao. Nyanya yako alinitazama tu. Nami nilimtazama, usoni, tukasahau kwamba haturuhusiwi.

Gari lilikohoa tulipoingia sokoni. Likakohoa tena, likazimika, na lango la hospitali tukiliona. Nikaruka nje nikaanza kusukuma. Watu wa soko wakaja mbio. "Sukumeni, kuna mama ndani!" Nilipogeuka kuona ni nani anayesukuma karibu nami, mkono wake ukigusa wangu, alikuwa mama mkwe, leso imeanguka mabegani, anasukuma na kuomba kwa Kikamba kwa sauti kubwa.

Ulizaliwa hata kitanda hakijatandikwa vizuri. Siku ya kukupa jina, nyanya yako hakumuuliza mtu. Alisema, "Huyu ni Nzilani, wa njiani." Baadaye nilimrudishia mbuzi wake, na nikaongeza mwingine wa kuiondoa ile nthoni, ili mdomo aliofungua kwangu ubaki wazi kwa heshima. Umebaki wazi hadi leo, na hunigombeza vizuri sana.

Basi, Nzilani, ukitaka petroli idumu, anza na buti, kule nyuma kwa mizigo. Toa vitu usivyovihitaji safari hiyo, na keria ya juu kama huna mzigo iteremshe, hushindana na upepo. Pima upepo wa magurudumu asubuhi kabla hujaondoka, yakiwa bado baridi, kwa sababu gurudumu laini hulibebesha gari kazi. Mwambie fundi akague chujio la hewa, vumbi letu unalijua. Ukisimama kuongea na mtu, zima injini, lakini uwe umesimama. Mlimani usizime kamwe, wala usiweke frii, gari likateleza bila gia. Gari lako la kisasa, ukibaki kwenye gia na kuinua mguu, lenyewe hukata petroli. Hutaokoa chochote kwa kuzima, ila utapoteza breki na usukani. Na taa isikukute mbali na kituo.

Ukibeba mtu anayekuzidishia mzigo, mwambie, hata kama unamheshimu. Mwambie kwa adabu, lakini mwambie kabla hamjaondoka. Na ukiogopa, angalia mguu wako kwanza.

Mungu akutangulie kwenye kila kona ya Mbumbuni. Breki zako zishike, na petroli yako ikufikishe mlangoni. Na ikiisha kabla ya lango, ikuishie mbele ya watu wenye mikono, kama sisi ilivyotuishia. Ukishavuka Mbumbuni salama, nipigie. Nitakuwa macho.