Ngoma ya Tonton Deo Ilivyoteremuka Kadutu Peke Yake

Musinicheke. Ao mucheke tu, nimeisha zoea: njo mimi ule mwanamuke aliponyokwa na ngoma ya marehemu siku ya kumuzika, ikakimbia, mutaa wetu wa Kadutu muzima ukiona.

Tonton Deo, kaka ya mama yangu, njo alinilea. Alikuwa anapiga mu fanfari, bendi ya matarumbeta, ile ngoma kubwa ya kubeba kwa kifua, na sijui kilio gani kilipita Kadutu bila yeye. Tajiri, mukosefu, hata mutu hana ndugu wa kumulilia, Tonton alienda, akapiga, akakula bugali, akarudi nyumbani. Sasa akaenda kutembelea binti yake kule mbali Luvungi, akafia kulekule, tukamuleta jioni ya mbele ya kumuzika, na asubui mvua ikaanza kunyesha, ile ya kukatala kuisha. Batu wengi hawakupata hata habari. Mujane wake, Maman Zawadi, akaangalia viti vitupu pale uwanjani, akasema polepole: "Deo alizika kila mutu. Yeye tunamuzika sawa mugeni?"

Ile neno ilinichoma roho. Nikasema basi, ngoma yake nitaipiga mimi (mimi wa kazi ya bureau, ya ofisi, na viatu virefu, munaniona!). Papa Pascal, mukubwa wa fanfari, akanifunga mikanda, akanionya: "Furaha, usitue ngoma huku kwa muteremuko."

"Papa, miye si mutoto."

Tukaanza kupanda kwenda kanisa, sanduku la Tonton nyuma yangu, na katikati ya kilima kiatu changu kikanasa mu matope. Nikavuta, wapi. Nikafungua mikanda, nikasimamisha ngoma chini kidogo tu, nikainama, na niliponyanyuka ngoma ilikuwa imeisha anza safari.

Mama yangu weee! Ikapiga jiwe la kwanza: BUM! Ikapita pembeni ya sanduku, wabebaji wakaruka huku na huku (nashukuru Mungu hawakuliachilia), nami nyuma yake, kiatu kimoja mukononi, nikipiga kelele: "Kamateni ngoma! Kamateni!" Nani akamate? Mama wa samaki sambaza akanyanyua beseni yake, wa pikipiki akaacha pikipiki yake katikati ya njia akakimbia, ngoma iko inashuka tu, kila jiwe BUM, kila shimo BUM, mimi nikateleza, nikashuka sehemu kubwa ya kilima kwa matako, kikwembe changu cha kilio ndani ya matope. Ngoma ikajigonga kwa magunia ya makala ya kupikia, ikanyamaza. Nilitamani udongo upasuke.

Mulango moja ukafunguka. Akatoka muzee na kofia yake mukononi.

"Hiyo ngoma ni ya Deo. Iko inalilia nani?"

"Iko inamulilia yeye, papa."

Muzee akaweka kofia kwa kifua. Kisha akageukia nyumba: "Tokeni! Deo amekufa. Si yeye alitupigia siku ya kuzika mutoto wetu?" Mulango ingine ikafunguka, na ingine. Mama mumoja akasema, "Bwana yangu pia alimupigia," akafunga kitambaa akaingia njiani. Vijana wakaweka ngoma mabegani, hawakuniuliza kitu, wakaanza kupanda.

Nilipogeuka, sikuona tena mwisho wa batu. Njia ilijaa mpaka kule inapokata kona, ni miguu tu mu matope. Nimesoma, nimesafiri, sijawahi kuona mutu mukubwa kama tonton yangu siku ile.

Maman Zawadi akawaona, akaweka mukono juu ya sanduku. "Deo, bamekuja."

Kanisani nikapiga ngoma na matope mpaka masikioni, na nikaipiga vibaya. Mpaka leo watoto wa pale wakiniona wanasema BUM. Kwa hiyo nimeapa, ngoma ya fanfari sibebi tena, Papa Pascal atafute mwingine. Ila siku ya kunizika mimi, kama mvua inanyesha na viti viko vitupu, muiteremushe tu.