Nilivyomkopesha Ramiro Pua Yangu

Safari hii niliifunga kwa sababu ya pua ya mtu mwingine. Ramiro ni Mmeksiko, mpishi katika makao ya wazee ninakofanya kazi ya unesi hapa Sydney. Mwaka jana aliugua homa kali akapona, lakini pua haikurudi. Hata kitunguu kikiungua hajui. Sasa binamu yake alikuwa amemletea chupa isiyo na karatasi kutoka kwao Oaxaca, akidai ndiyo pombe ya mwisho ya mezcal aliyopika marehemu baba yake Ramiro. Na Ramiro hamwamini huyo binamu hata kidogo.

"Sista Chebet," aliniambia jikoni, "wewe hunusa maziwa yaliyoharibika kabla sijafungua friji. Njoo uniambie kama ni ya baba kweli."

Jumamosi, saa tano asubuhi, nilipanda treni Toongabbie. Nilikuwa nimetoka shifti ya usiku nikalala kwa saa mbili tu, basi kila kitu kilinipita taratibu, kama niko chini ya maji. Ilikuwa Novemba na mijakaranda imechanua. Maua ya zambarau yalilala juu ya magari, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya mbwa mmoja mvivu asiyejali. Nilisinzia, nikaamka, na bado yalikuwa yanaanguka.

Glenfield nilibadilisha treni. Upepo wa joto ulipita stesheni.

Ingleburn nilifika saa saba kasoro. Nyumba ya Ramiro iko nyuma ya magodauni, na uani alikuwa ameandaa vipande vya chungwa, chumvi, na vikombe viwili vya kibuyu. Akaniambia mezcal hutoka kwenye mmea ulio ndugu ya mkonge. Kiini chake huchomwa siku kadhaa katika shimo la mawe ya moto, kikiwa kimefunikwa kwa udongo. Akatikisa chupa. Mapovu madogo yakasimama shingoni, hayakutoka haraka.

"Ina nguvu. Hilo naliona kwa macho. Mengine ni yako."

Aki, niliaibika! Kwetu Bomet, wajomba wangu wakipewa kitu kikali hubana pua, humeza mara moja, kisha hukunja uso. Mimi si mnywaji, sikujua njia nyingine. Alipomimina, nikabana, nikameza, machozi yakanitoka.

Ramiro alinikodolea macho. "Sista, umeziba pua pekee tuliyo nayo!"

Tulicheka hadi jirani akachungulia. Kisha akanifundisha. Alinidondoshea tone viganjani, nikasugua mpaka likakauka, nikanusa. Ndipo akamimina tena, kidogo. "Ibusu tu. Lowesha midomo, iache ikae ulimini, halafu pumua. Busu la kwanza ni la kusalimiana. La pili ndilo la kusikiliza."

Nilibusu mara ya pili. Magodauni yakasogea mbali. Nilinusa mkaa wa senetwet, ule mti tunaochoma na kusugulia ndani ya kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, na nikaiona mikono ya mama ikizungusha ufito ndani yake. Ukaja udongo uliopigwa na mvua, kisha ganda la limau.

"Ni nzuri sana," nikamwambia.

"Nzuri si jibu. Hata ya dukani ni nzuri."

Kulikuwa na kingine, na nilikuwa nimekinyamazia. Mimi nimelelewa kwamba mgeni hakitoi kasoro alichokaribishwa. Lakini Ramiro alikuwa ameinamia kikombe chake, anavuta pumzi, anavuta tena, na hapati kitu. Iliniuma.

"Usikasirike," nikasema. "Inanuka ngozi. Ngozi mbichi ya ng'ombe, iliyolowa."

Aliweka kikombe mezani polepole.

"Baba alichachushia ndani ya ngozi ya ng'ombe," akasema. "Aliitundika kwenye miti minne. Kijijini kwetu wengine wote walishahamia mapipa ya mbao, wakamcheka." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ni yeye. Ni yeye, Sista."

Alilia waziwazi, na mimi nikalia naye, sina haya. Kisha akainua kikombe, akafumba macho. "Iseme tena." Nikasema: mkaa, mvua, limau, ngozi. Akabusu. Nikasema tena. Hivyo ndivyo tulivyomaliza mchana, yeye akinywa na mimi nikisema.

Saa kumi nilianza kurudi. Kwenye treni niliwaza jinsi nilivyosifu vyakula vya watu miaka yote ili nionekane mgeni mwema, na jinsi sifa hizo leo zingemnyima mtu baba yake.

Toongabbie, saa kumi na mbili, binti yangu alinifungulia mlango. Akakunja pua, akasema kwa Kiingereza chake kwamba ninanuka moshi.

Nikamnyooshea viganja. "Nusa tena," nikamwambia, "uniambie na kingine."